Mikono ya Dashnyam Kwenye Ukuta wa Suri

Baada ya kukitumikia Kituo cha Upinde cha Bayan-Ovoot kwa miaka thelathini na minne, Ndugu Dashnyam, msukaji wa suri na kiongozi wa waimbaji wa ukutani, anastaafu rasmi tarehe 31 Julai mwaka huu. Mwenyekiti wetu, Bi Narmandakh, ameomba wasifu huu niuandike mimi, Pagma, niliyekuwa mpishi wa kituo tangu enzi za jiko la samadi mpaka magoti yaliponikatalia, ingawa nyama ya sikukuu bado naipika mimi. Wapo walionong'ona kwamba mama hawezi kumwandikia mwanawe bila kumsifu kupita kiasi. Ni kweli. Nitamsifu kupita kiasi, na kila nitakalolisema lina mashahidi.

Mimi nilisoma darasa la nne tu. Anayetaka maneno makubwa asome ukurasa wa Mwenyekiti. Hapa nitaeleza kazi aliyoifanya mtu huyu, na jambo moja lililomwandama nusu ya utumishi wake.

Dashnyam aliajiriwa mwaka 1991. Alikuwa dereva wa trekta katika shamba la serikali, shamba likafa, trekta likauzwa vipande vipande, naye akaja kituoni kufagia uwanja. Wakati huo wapiga upinde wetu walikuwa wanalenga vipande vya mbao na makopo ya samaki. Nasema ukweli, makopo ya samaki! Mkurugenzi wa zamani, Mungu amrehemu, alitaka turudi kwenye shabaha za mababu, zile suri za kusukwa kwa ngozi, lakini hakuna aliyejua tena kuzisuka. Yeye na Dashnyam walizunguka bonde kwa bonde, hema kwa hema, wakiulizia wazee. Walirudi jioni moja wamechoka, wakaketi jikoni kwangu wakilalamika kwamba elimu ile imezikwa.

Nikawaacha wanywe kwanza. Kisha nikasema, "Mnazunguka nchi nzima kumtafuta msukaji, na msukaji ndiye anayewamiminia chai."

Mkurugenzi alipaliwa. Dashnyam akasema, "Mama, mbona hukuniambia siku zote?"

"Uliniuliza lini?" nikamjibu.

Baba yangu alikuwa msukaji, na mimi nikiwa msichana ndiye niliyemlowekea kanda za ngozi. Kwa hiyo nilimfundisha mwanangu kama nilivyoona. Unachukua ngozi ya mgongo wa maksai, unaikata kanda za upana wa kidole, unaziloweka mpaka zilegee, unasuka zikiwa mbichi, unakausha kivulini. Inatoka kitu mfano wa kikombe kisicho na mkono wala kitako. Iwe nyepesi kiasi kwamba mshale wenye kichwa butu ukiigusa inaruka, na iwe ngumu kiasi kwamba ikiruka haivunjiki. Zinapangwa juu ya ardhi kama matofali, ukuta mfupi usiofika magotini, na zile za katikati zinapakwa rangi nyekundu. Suri zake za kwanza zilikuwa mbovu, zimepinda kama meno ya ngamia. Nilizifumua zote. Alizisuka upya, nikazifumua tena. Hakuninunia hata siku moja. Leo hii suri zake zinaombwa na mikoa mingine, na mimi nikisikia zinaombwa huwa natafuta sababu ya kupita karibu ili niulizwe nani alimfundisha.

Hakuishia kwenye suri. Baba yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani za zamani wapanda farasi walikuwa wanalenga mipira ya ngozi iliyotundikwa juu ya nguzo, farasi akiwa mbioni. Dashnyam akaamua kuirudisha kwa ajili ya jubilei ya kituo. Mipira ya kwanza aliisuka vizuri sana, ila ngozi hakuikausha ikakauka. Asubuhi ya jubilei nguzo zilikuwepo na mipira hakuna. Mbwa wa majirani walikuwa wameshindana kabla ya watu. Tulimtania mwaka mzima, na alicheka nasi. Lakini mipira ya mwaka uliofuata ilining'inia pale, na farasi wakapita chini yake kwa kishindo, na wazee waliokuwa hawajauona mchezo huo tangu utoto walivua kofia.

Baridi ile mbaya iliyoua mifugo ya watu ilipopita, ngozi zilikuwa zimelundikana kila mahali, za bure kabisa. Baadhi ya wanakamati wakasema sasa tusuke ukuta mpya. Dashnyam alikataa. Ngozi ya mnyama aliyekufa kwa njaa hukatika pale inapokunjwa. Zaidi ya hilo, alisema hatasimamisha ukuta wa sikukuu kwa ngozi za msiba, watu waje wapige mishale kwenye machozi yao wenyewe. Alimchinja maksai wetu mwekundu, wa mwisho kubaki, aliyekuwa akivuta mkokoteni wangu wa maji. Nilimlilia maksai yule kama mtu. Suri za ngozi yake zipo ukutani mpaka leo. Ikirushwa moja na kuanguka nzima, mimi huijua, na moyo wangu hutulia.

Sasa nije kwenye kazi yake ya pili, iliyomletea sifa na iliyomletea maumivu.

Vijana wetu wanaojiunga na kituo wanajua kwamba mwimbaji wa ukutani anasimama kando ya suri, bila ngao, mishale ikimjia. Mpigaji yupo mbali. Hawezi kuona kama mshale umegusa suri au umepita. Macho yake ni mwimbaji. Mshale ukigusa, mwimbaji anainua mikono yote miwili mbinguni na kuimba uukhai, ule wimbo mrefu wa kuushukuru mshale. Usipogusa, mikono inabaki chini. Basi. Hakuna mashine wala picha. Kuna mikono ya mtu na neno lake.

Na sauti ya Dashnyam! Akiimba uukhai uwanjani, wauza nyama sokoni walikuwa wanaacha kupima na kugeuza shingo. Mgeni mmoja aliniuliza kama kuna kipaza sauti. Nikamwambia kipo, nimekizaa mimi.

Katika sikukuu ya michezo ya Naadam ya mwaka 2003, jina la Mlenga Shabaha wa Wilaya lilikuwa baina ya watu wawili. Mmoja ni Jigmed, mfugaji wa farasi kutoka bonde la kaskazini, mpigaji hodari, simnyimi haki yake. Wa pili ni marehemu kaka yangu Tseren, mjomba wake Dashnyam. Jigmed alibakiwa na mshale mmoja. Ukigusa, jina ni lake. Usipogusa, zamu inakwenda kwa Tseren.

Alivuta, akaachia. Mshale ulitua mfupi, ukapiga ardhi mbele ya ukuta, vumbi likatimka, na suri nyekundu ikaanguka. Watu wakapiga kelele. Waimbaji wengine walimtazama kiongozi wao, maana vumbi lilikuwa limewajaa machoni. Dashnyam hakuinua mikono.

Jigmed alitembea uwanja mzima na buti zake mpaka ukutani.

"We Dashnyam! Macho umeyaacha nyumbani leo? Suri imelala chini hiyo, unangoja ikuamkie?"

"Kaka Jigmed, imeangushwa na kokoto. Mshale wako ulirusha kokoto, wenyewe umepita pembeni. Haukugusa."

"Kokoto! Siku hizi kokoto nalo limejifunza kulenga! Na baada yangu anapiga nani? Si mjomba wako? Eti, jamani, si mjomba wake?"

Dashnyam alisema tena, taratibu, "Haukugusa, kaka."

Tseren alipiga, akagusa, akachukua jina pamoja na mwanafarasi wa zawadi. Na tangu siku hiyo likazaliwa neno baya katika wilaya yetu: kwamba mikono ya Dashnyam huinuka kwa ndugu na kushuka kwa jirani.

Hamjui neno kama lile linavyomla mtu. Hawakumwambia usoni. Lilikuwa linasemwa kwenye foleni ya kisima, linasemwa kwenye harusi akishatoka nje. Kila sikukuu Jigmed alikuja, akapiga, na katika maamkizi kichupa chake cha ugoro kilizunguka mikono yote. Kwa wote alikitoa kifuniko kikiwa kimelegezwa, kama inavyompasa mtu mwungwana. Kikifika zamu ya Dashnyam alikikaza kwanza. Alikikaza mbele ya macho ya watu, ndipo anampa. Dashnyam alikipokea kwa mkono wa kulia, akakinusa kikiwa kimezibwa, akakirudisha kwa heshima. Kila mwaka hivyo hivyo, na mimi nikiwa pale na sinia langu la nyama.

Nilimwambia, "Mwanangu, jitetee! Simama siku moja kwenye kipaza sauti uwaeleze."

Akanijibu, "Mama, nikianza kuutetea mshale mmoja, kesho itanibidi niitetee yote. Mikono ikishahitaji maneno, haina kazi pale."

Sikukubaliana naye. Nilitaka sana, kuliko kitu chochote, jina lake lisafishwe kabla hajastaafu. Marehemu Tseren alikufa akiwa anataka hivyo hivyo, na aliwahi kumpelekea Jigmed yule mwanafarasi wa zawadi. Jigmed alimfukuza farasi arudi alikotoka, naye akaja nyumbani peke yake usiku, amekasirika.

Mwaka juzi, majira ya kupukutika majani, ugonjwa ulimpata Dashnyam kooni. Alipasuliwa mji mkuu, Ulaanbaatar. Madaktari waliokoa maisha yake, nasi tunawashukuru sana, lakini sauti ilibaki huko. Sauti ile! Aliporudi na kunikuta mlangoni alifungua mdomo kuniita, ukatoka upepo tu. Mimi nikamwitikia kana kwamba nimesikia, maana nilikuwa nimesikia.

Wengi walidhani atakaa nyumbani. Alirudi ukutani. Kamati, na hapa namshukuru Bi Narmandakh mbele ya wote, ilikubali asimame kwa mikono tu, na vijana watatu aliowafundisha waimbe badala yake. Lakini niliwasikia wengine: bubu wa ukutani, sasa hata uongo hawezi kuusema, itabidi auinue kwa mikono. Niliyasikia haya nikiwa nageuza nyama. Aliyeyasema alipata kipande kilichoungua.

Hivyo tukafika Naadam ya mwezi huu, ya mwisho kwake. Naye mzee Jigmed, aliyetimiza sasa miaka sabini na moja, alitangaza kwamba hii ni ya mwisho kwake pia. Na wapigaji wawili watatu wa mbele walipojikwaa siku ya mwisho, alijikuta tena mahali palepale: mshale mmoja mkononi, ukigusa jina ni lake, lile jina alilolikosa.

Nani asiyetaka mzee apate? Hata mimi, nasema wazi, nilitaka apate, labda ingemlainisha. Nilitoka jikoni na mwiko wangu.

Alivuta. Mshale ukatoka, ukashuka mapema, ukapiga ardhi. Vumbi. Suri nyekundu ikaanguka.

Vijana watatu waliinua mikono na kuimba uukhai kwa nguvu zao zote. Uwanja ukalipuka, kofia zikaruka, mama mmoja akaanza kulia. Na katikati ya mikono yote iliyokuwa mbinguni, mikono ya mwanangu ilikuwa chini.

Wimbo ulikatika. Kijana mmoja wa mbele alimgeukia Dashnyam akamnong'oneza, ila hata sisi tulisikia: "Mwalimu, inua basi. Mzee wa watu. Nani atajua?"

Dashnyam alitikisa kichwa.

Bi Narmandakh akauliza kwenye kipaza sauti, "Ukutani, mnasemaje?"

"Mwenyekiti... suri imeanguka," kijana akajibu. Hakusema mshale umegusa.

Mzee Jigmed akaanza kutembea. Uwanja uleule, buti zilezile nadhani, ila mwendo wa polepole. Sikungoja kualikwa, nikaenda na mwiko wangu mkononi mpaka karibu na ukuta. Sijui nilikusudia nini. Umri wangu ni miaka themanini na moja na sijawahi kumpiga mtu, lakini siku haijaisha mpaka iishe.

Alisimama mbele ya Dashnyam wakitazamana. Dashnyam aliinama, akapapasa mchangani, akaokota kokoto, akaliweka katika kiganja cha mzee.

"Kokoto tena?" Jigmed akauliza.

Dashnyam akaitikia kwa kichwa.

"Wenzako wote wamenipa. Watoto hawa wamenipa, uwanja umenipa, hata mama yako naona kanijia na mwiko anipe. Wewe peke yako unaninyima. Mara ya pili!"

Dashnyam alifungua mdomo, ukatoka ule upepo. Akafunga. Mikono yake ilikuwa imenyooka mapajani kama ya askari, na machozi yalikuwa yanamshuka.

Jigmed aliligeuzageuza lile kokoto. Kisha alifanya jambo ambalo nitalisimulia mpaka nizikwe. Alimgeukia Mwenyekiti, akapaza sauti yake ya kuitia farasi.

"Futa, binti yangu! Sikugusa!"

Watu wakaguna. Yeye akaendelea, "Tulieni niseme, maana mwenzangu huyu hana sauti. Leo nyuma yangu hakuna mjomba wa mtu. Kama mikono hii ingekuwa ya kupendelea, leo ndiyo siku ingeinuka, amalize kazi yake kwa amani na mimi nimwite ndugu. Ilikuwa rahisi tu. Hakuinua. Basi na mwaka ule wa Tseren sikugusa. Tseren alishinda kwa haki. Mdomo wangu ndio uliopiga pembeni, umepiga pembeni miaka yote hii."

Akaingiza mkono kifuani mwa joho lake, akatoa kichupa cha ugoro. Sote tulikuwa tunatazama vidole vyake. Alilegeza kifuniko, akakilegeza tena, nusura kidondoke, akamkabidhi Dashnyam kwa mikono miwili, yeye mkubwa kwa yule mdogo.

Dashnyam alinusa. Akapiga chafya mara ugoro ulipomwingia, na uwanja mzima ukacheka na kulia kwa pamoja. Aliporudisha kichupa, alirudi nyuma hatua moja, akainua mikono yote miwili mbinguni, kama inavyoinuliwa kwa mshale uliogusa katikati. Vijana wakaelewa. Wakaimba. Na mimi niliimba, ingawa wanawake wa jikoni hatuimbi ukutani. Bi Narmandakh hakunizuia. Wanaosema sauti ya Dashnyam ilipotea hawajajua ilitoka wapi.

Jina lilikwenda kwa mpigaji mwingine, kijana mzuri, tunampongeza. Mzee Jigmed alikula kwangu mpaka akafungua mkanda.

Ndugu Dashnyam anaacha kituoni ukuta kamili wa suri, mipira ya ngozi ambayo mbwa hawajaila, na wasukaji vijana ambao suri zao nimezikagua mwenyewe na kuzifumua chache tu. Kwa niaba ya kituo tunamshukuru yeye, na tunamshukuru mkewe Khorloo aliyevumilia nyumba inayonuka ngozi mbichi. Mwezi Agosti wanahamia malishoni, bonde la kaskazini, jirani na hema la mzee Jigmed. Nasikia wazee hao wamepanga kusuka pamoja. Jigmed hajui kusuka. Atafundishwa.

Mwanangu, asubuhi ya kuondoka kwako nitasimama mlangoni na ndoo na kijiko cha mbao, nirushe maziwa nyuma yako, kama nilivyofanya ulipokwenda jeshini na ulipokwenda hospitali. Njia yako iwe nyeupe. Upate nyasi, upate maji, upate usingizi wa mtu asiyedaiwa neno na jirani yeyote. Kituo kizima kinakuombea miaka mirefu na ya utulivu. Ukifika kilimani geuka nyuma. Huna haja ya kuita. Inua mikono tu, nami nitajua.